Kipira Kilichong'ang'ania Kushoto: Uchambuzi wa Kisa cha Maganda ya Magurudumu

Ndege yenyewe ni ya watu wawili, bawa chini, magurudumu matatu, mwili wa bati la alumini. Mwenyewe ameiunda kutoka kwenye seti ya vipande, na inalala katika hanga moja eneo la Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Saa 20 za mwanzo iliruka ikiwa na miguu mitupu, na ilikwenda sawa: rubani akitoa miguu kwenye pedali, kipira cha mtelezo, kile kinachobingirika kwenye kipimo cha dashibodi kuonyesha kama ndege inakwenda ubavu, kilitulia katikati ya mistari yake miwili. Kisha ikavishwa vazi lote la miguu.

Majina ya vitu hivi hayajatulia katika lugha yetu, kwa hiyo tuelewane mapema. Ganda ni kifuniko cha fibaglasi kinacholifunika gurudumu. Ala ni kifuniko chembamba chenye umbo la bawa kinachovikwa mguu kama ala inavyovikwa kisu. Kola ni kipande kinacholainisha kona pale ala inapokutana na bodi au na ganda.

Baada ya kuvishwa, mwendo uliongezeka kama ilivyotarajiwa. Fimbo ya duara hukinza hewa takriban mara 10 zaidi ya umbo la bawa lenye unene uleule, na ndege hii ina miguu mitatu ya aina hiyo. Lakini kipira kilihamia kushoto kwa nusu ya upana wake na hakikurudi. Bawa la kushoto likawa zito. Katika safari ya saa moja na nusu hivi kuelekea Kidepo, mbuga ya kaskazini-mashariki mwa Uganda, rubani alikuwa akikanyaga pedali ya kushoto muda wote.

Ushauri wa kwanza uliotolewa hangani ulikuwa kubandika kibati cha kusawazisha kwenye usukani wa mkia. Ulikataliwa, na ilikuwa sahihi kuukataa. Kibati kingekirudisha kipira katikati, lakini ndege ingeendelea kwenda ubavu huku ikilipa kwa mafuta, na faida ya maganda ingeliwa na dosari ya maganda yenyewe.

Kutenga chanzo

Kabla ya kugusa ganda lolote, kipira chenyewe kilipimwa. Ndege iliwekwa sawa kwa upana, pima maji ikiwa imelazwa juu ya fremu ya viti, kisha kipimo kikaangaliwa kwenye dashibodi: kipira kilikuwa katikati. Hatua hii ya dakika kumi huokoa wiki nzima, maana kipimo kilichofungwa mshazari humfanya fundi arekebishe ndege isiyo na kasoro. Pia matangi mawili yalijazwa sawa, kwa sababu mafuta yaliyozidi upande mmoja nayo huleta bawa zito.

Baada ya hapo vitu viliondolewa na kurudishwa kimoja kimoja, kila mara kwa urefu uleule wa futi 7,000, nguvu ileile ya injini, na asubuhi kabla hewa haijaanza kuchemka. Vyote vikiwa vimeondolewa, kipira kilikaa katikati. Maganda ya nyuma yakirudishwa peke yake, kilisogea kidogo kushoto. Ala za miguu ya nyuma zilipoongezwa kikasogea zaidi. Ganda na ala ya mbele vilimalizia safari hadi nusu ya kipira.

Matokeo hayo yanashangaza kidogo. Kwa kawaida mkosaji huwa mmoja: ala moja imejisokota, au ganda moja limefungwa kombo. Hapa kila kipande kilichangia, na vyote vilisukuma upande mmoja. Tena ukisimama mbele ya ndege au nyuma yake, maganda yote matatu yalionekana sambamba kabisa. Jicho hulinganisha kitu na jirani yake, na majirani hawa walikuwa wamekosea pamoja.

Mstari uliokosewa

Ndege ilipandishwa jeki, mstari wa kati ukachorwa upya sakafuni, na umbali kati ya kila ganda na mstari huo ukapimwa kwenye pua na kwenye mkia wa ganda. Ganda la kushoto, lenye urefu wa milimita 900, mkia wake ulikuwa umekwenda kushoto kwa milimita 31. La kulia: milimita 30, kushoto vilevile. La mbele lilikuwa na mshazari uleule ukilinganisha na urefu wake. Milimita 31 katika 900 ni digrii 2.

Vipande vitatu vinapokosea kwa digrii zilezile upande uleule, kosa haliko kwenye vipande, liko kwenye mstari vilikopimiwa. Picha za wakati wa ujenzi zilimaliza ubishi. Timazi ya mbele ilikuwa imening'inizwa katikati ya bamba la kuzuia moto nyuma ya injini, mahali sahihi. Timazi ya nyuma ilikuwa imening'inizwa kwenye kona ya chini ya ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia, na usukani haukuwa umefungwa. Ulikuwa umeelekea kushoto.

Hesabu zinakubaliana. Usukani huo una upana wa sentimita 50 kutoka bawaba hadi ukingo. Ukiinama digrii 20, ukingo wake husogea milimita 171. Kutoka bamba la moto hadi ukingo huo ni mita 4.9, na digrii 2 katika mita 4.9 ni milimita 171.

Je, digrii 2 zinatosha kuleta haya yote? Chukua ala moja ya mguu wa nyuma, urefu mita 0.6, upana mita 0.18. Kwa mwendo wa noti 150 (maili za baharini kwa saa) kwenye futi 7,000, kila digrii moja ya msokoto huipa ala hiyo msukumo wa ubavuni wa takriban nyutoni 22. Ala mbili kwa digrii 2 ni karibu nyutoni 90. Maganda mawili ya nyuma, ambayo ni mapana zaidi lakini mafupi kwa kimo, huongeza kama 75. Ya mbele inaongeza kama 40, nayo ina ubaya wa ziada: iko mbali mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo mbali na kusukuma, inavuta pua kulia. Jumla ni nyutoni 200 hivi, sawa na uzito wa kilo 20. Ndege yenye kilo 750 ikisukumwa hivyo kulia, rubani asiyegusa pedali lazima ailaze kushoto kama digrii 1.5 ili ishike mwelekeo, na kipira huteremkia upande wa chini. Msukumo huo pia uko karibu mita moja chini ya kitovu cha uzito, ndiyo maana bawa la kushoto lilikuwa zito.

Mikia ya maganda ikienda kushoto, ndege husukumwa kulia na kipira hukaa kushoto. Wengi hulikariri kinyume na kuanza kurekebisha upande usiofaa.

Kuchora mstari upya

Kazi ya mpangilio hufanyika magurudumu yakiwa hewani, kwenye sakafu ya saruji. Miguu ya ndege hii ni fimbo za chuma cha springi. Ikibeba uzito hupanuka nje na kurudi nyuma, na ekseli hubadili pembe. Ganda litakalonyooshwa ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake litakuwa kombo mara tu ndege itakapoiacha ardhi, na ardhini hatuhitaji wepesi wa hewa. Jeki ziliwekwa chini ya pointi za kufungia kamba mabawani, mkia ukashikiliwa na stendi, na ndege ikasawazishwa kwa urefu na kwa upana hadi pima maji ya kidijitali ikaonyesha sifuri juu ya longeroni, ile boriti ndefu ya ubavuni. Jeki nzuri za magari zinapatikana Soko la Kisekka jijini Kampala, lakini chini yake lazima pawe na ubao mpana na pembeni pawe na stendi za akiba. Jeki ya haidroliki hushuka taratibu usiku, na asubuhi unapima ndege nyingine.

Timazi ya mbele ilirudi palepale. Ya nyuma ilishushwa kutoka katikati ya bawaba ya chini ya usukani, upande usiosogea, na usukani wenyewe ukafungwa kwa mbao mbili na kamba. Kila timazi ilizamishwa katika kopo la maji ili isibembee. Uzi wa chaki ukapigwa kati ya alama hizo mbili. Kisha ukaja uhakiki ambao mara ya kwanza haukufanyika: kutoka alama ya mkia, umbali hadi timazi ya pointi ya bawa la kushoto na hadi ya bawa la kulia ulipimwa kwa futi ya chuma. Tofauti ilikuwa milimita 2. Ikizidi 5 au 6 kwa ndege ya ukubwa huu, tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Kutoka mstari wa kati vikapimwa vituo vya magurudumu mawili ya nyuma, na mistari miwili sambamba ikapigwa, mmoja chini ya kila gurudumu. Kila ganda lilikuwa na mstari wa penseli kwenye pua na kwenye mkia, juu ya mshono wa ukungu uliolifinyanga. Timazi mbili ndogo kwa kila ganda, na kazi ikawa kuligeuza hadi zote mbili ziguse mstari wake kwa kosa lisilozidi milimita 1.5. Kwa mwinamo wa juu na chini, mshono wa ubavuni uliwekwa sawa na longeroni. Likiinamisha pua kwa digrii moja halitaharibu kipira, lakini litaongeza ukinzani bila sababu.

Mashimo ya zamani

Mkia wa ganda ulipaswa kurudi kulia kwa milimita 20 hivi ukizungukia ekseli, lakini skrubu zinazolishika ganda kwenye bano ziko kama milimita 120 tu kutoka ekseli. Hapo digrii 2 ni milimita 4. Skrubu ni za namba 8, tundu lake ni milimita 4.3. Kwa hiyo tundu jipya linaumana na la zamani na kuwa umbo la yai, ambalo litakula ganda kwa mtikisiko ndani ya miezi michache.

Kuchonga tundu likawa refu na kuweka washa kubwa si matengenezo. Mashimo ya zamani yalipanuliwa kwa msasa kwa ndani hadi yakawa na mteremko mpana, yakajazwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi za pamba zilizosagwa, na kwa ndani vikawekwa viraka viwili vya kitambaa cha kioo, cha kwanza milimita 40 na cha pili 60. Vijipovu vya kioo havifai hapa: ni vyepesi na husuguliwa vizuri, lakini skrubu huviponda. Kazi yao ni kulainisha uso tu. Bodifila ya magari nayo ni nzito, na kwenye ncha nyembamba ya ganda hupasuka.

Mabano yalitengenezwa upya kwa alumini ya 6061-T6, kwa kuwa nati zilizopigiwa ribiti zilihitaji kuhama. Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, wanakunja bati kwa ustadi mkubwa, lakini wapelekewe bati lenye cheti chake. Bati la sufuria au la mabango ya biashara ni laini mno na halina nguvu ya kutosha. Boliti na nati hazinunuliwi mtaani kamwe.

Ili kupata mahali pa tundu, ganda lilibanwa kwa utepe mahali pake, taa kali ikawashwa ndani, na kivuli cha nati kikaonekana kwenye fibaglasi ambayo haijapakwa rangi. Tundu la kwanza hutobolewa kwa biti ya milimita 3.2, skrubu moja juu, moja chini, timazi zikaguliwe tena, ndipo zilizobaki. Ganda husogea unapotoboa. Husogea kila mara.

Mwanya wa tairi na murram

Wakati maganda yako chini, kasoro ya pili ilionekana. Ndani ya ganda la kulia kulikuwa na mikwaruzo ya mawe, na mwanya kati ya tairi na mdomo wa ganda ulikuwa milimita 8. Kwenye lami huo unatosha. Lakini viwanja vingi vya mbugani Uganda, kuanzia Kihihi hadi Kidepo, vimekuwa vya murram (udongo wa kokoto), na kokoto ya milimita 10 inayopanda na tairi hukwama katika mwanya wa 8 na kufanya kazi ya patasi.

Mdomo ulikatwa upya: milimita 15 pembeni na mbele, 20 nyuma, ambako tairi hutupia uchafu. Juu ya tairi iliachwa milimita 25, ikishikiliwa na kipande cha sponji ngumu wakati wa kupima. Vipimo hivi vichukuliwe kwa tairi mpya iliyojazwa upepo kamili. Anayepimia tairi iliyolika atashangaa siku ya kubadilisha. Ndiyo, mwanya mkubwa hugharimu mwendo kidogo. Gurudumu lililogandishwa na tope hugharimu zaidi, kwani huacha kuzunguka wakati wa kutua na ndege huvutwa upande mmoja.

Katika misimu ya mvua, ambayo kusini mwa Uganda ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, tope la murram hujipaka ndani ya ganda na kukauka kama plasta. Kila baada ya kutua kwenye tope, ndani huoshwa kwa bomba kabla halijakauka, bila kuelekeza maji kwenye beringi. Mwenye kutumia zaidi viwanja vya aina hiyo aondoe maganda msimu mzima na kupanga safari zake kwa mwendo mdogo. Hiyo ni akili, si kushindwa.

Breki nayo itazamwe. Gurudumu la mbele la ndege hii halina usukani, rubani hugeuka kwa kubana breki moja, na ndani ya ganda joto la diski halina pa kutokea haraka. Mpira wa mafuta ya breki uwe umbali wa angalau milimita 12 kutoka kwenye ganda na diski. Tundu la kujazia upepo, la milimita 25 lenye kizibo, lilikuwepo tayari. Bila tundu hilo upepo hujazwa kwa nadra, na tairi legevu hukwangua ganda kuliko jiwe lolote.

Ala, na kisha kola

Ala hunyooshwa kwa uzi. Uzi mwembamba hupitishwa mbele ya ala, pande zote mbili huvutwa nyuma mita 2, na ncha hukutana juu ya mstari unaopita katikati ya mguu sambamba na mstari wa kati. Ukingo wa nyuma wa ala lazima uwe umbali sawa kutoka kila uzi. Hupimwa karibu na bodi, kisha karibu na ganda, kwa kuwa ala ndefu hujisokota na inaweza kuwa sahihi juu na kombo chini. Hapa makosa yalikuwa digrii 2 juu na chini, kwa hiyo zilizungushwa nzima bila kufumuliwa, zikashikwa kwa klempu za bomba.

Katika ujenzi wa mwanzo kola zilikuwa zimegandishwa kwenye ala kabla ya safari ya majaribio. Hilo ndilo lililofanya marekebisho yawe ghali, kwa sababu kola huifunga ala katika pembe iliyonayo, nzuri au mbaya. Kola nne zilikatwa na kutupwa. Safari hii ndege iliruka kwanza bila kola, ala zikiwa kwenye klempu. Kipira kilibaki kushoto kwa upana wa mstari wa kipimo tu. Hewa iliyo chini ya bawa haiendi sambamba kabisa na sakafu ya hanga, kwa hiyo marekebisho ya mwisho hutoka angani: ukingo wa nyuma wa ala ya mbele ulisogezwa kulia milimita 2, na safari ya pili kipira kikakaa katikati, pedali zikiwa huru, kwenda na kurudi.

Ndipo kola zikafinyangwa. Udongo wa mfinyanzi wa Kajjansi, uleule unaochomwa kuwa vigae na matofali, unafaa sana kuunda kona, na mgongo wa chupa ya soda hutoa mviringo mzuri. Lakini una maji, na epoksi haipatani na maji. Uachwe ukauke juu kwa siku moja, ufunikwe wote kwa utepe wa kufungia maboksi, upakwe nta, ndipo kitambaa. Tabaka tatu zinatosha.

Joto la mchana nalo lihesabiwe. Epoksi ya West System 105 na kigumishi 206 huchanganywa 5 kwa 1 kwa ujazo, na kwenye digrii 22 hukupa dakika 20 hadi 25 koponi. Hanga la mabati saa nane mchana hufupisha muda huo sana, na kopo lililojaa huchemka lenyewe. Kigumishi 209, kwa uwiano wa 3 kwa 1, hutoa dakika 40 hadi 50 kwenye joto hilohilo na ni chaguo bora kwetu. Changanya gramu 100 kwa mara moja, anza saa moja asubuhi. Unyevu wa msimu wa mvua huacha utelezi kama nta juu ya epoksi iliyokauka. Uoshwe kwa maji na sponji ya kusugulia kabla ya msasa, la sivyo tabaka linalofuata na rangi vitabanduka.

Kola mpya zilikatwa ukingo, zikafungwa kwa skrubu badala ya gundi, ili ala iweze kuguswa tena siku za mbele. Kila ganda na ala vikawekwa kwenye mizani, uzito na kitovu vikahesabiwa upya, na kazi yote ikaandikwa kwenye daftari la ndege pamoja na vipimo vya mwanya na mahali timazi ya nyuma ilipotundikwa. Skrubu zote zilikaguliwa baada ya saa 5 za kuruka. Mbili kwenye ganda la kulia zilikuwa zimelegea robo mzunguko.